Nyongeza ya Ngurumo

Harufu ya petroli ikinigonga puani, hata kama ni pikipiki ya watu imepita tu, mimi hurudi moja kwa moja kwenye chumba cha Papa Kizito, sale kama tulivyokiita. Kilikuwa chumba cha mbao kilichojengwa juu ya jiwe jeusi, jiwe lile lile ambalo volkano ililimwaga mjini mwaka niliozaliwa, na nje ya mlango wake jenereta ndogo ilikohoa mchana kutwa ikidondosha mafuta juu ya mawe. Ndani mlikuwa na joto la watoto waliobanana kwenye mabenchi, mikate ya kukaanga iliyofichwa mifukoni, na harufu ya plastiki iliyopata moto nyuma ya televisheni. Dirisha lilizibwa kwa turubai ili picha zionekane. Ukitoka mle ghafla, jua la Goma lilikupiga machoni, nawe ulisimama kwanza juu ya yale mawe yenye ncha ukipepesa, ndipo ukumbuke kwamba ulikuwa umetumwa chumvi. Nilitumwa chumvi mara nyingi sana mwaka ule, na mama aliisubiri mara nyingi sana.

Papa Kizito alikuwa jirani yetu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mashine yake ya michezo aliinunua mtaa wa Himbi kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Lakini aliyeshika ufunguo wa chumba, aliyewasha jenereta na kupanga zamu, alikuwa Yaya Trésor. Yaya, kwetu, ni kaka au dada mkubwa, na huyu alikuwa mtoto wa mama mkubwa, yaani dada wa mama yangu, aliyeletwa kwetu kutoka kijiji cha Kalengera ili asome sekondari mjini. Baba aliendesha lori la Butembo na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo Yaya ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba. Alikuwa mwembamba, mrefu, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko umri wake. Angeweza kumwambia mama kwamba moshi wa makaa ni dawa ya macho, na mama angecheka na kumwongezea chakula. Mimi nilimwamini bila kupima. Ndiye aliyenifundisha kushika maneti, kile kidude cha kuendeshea mchezo, na nilipokuwa nacheza alisimama nyuma yangu akinielekeza kwa kunigusa mabega, la kulia nigeuke kulia, la kushoto nigeuke kushoto, bila kufungua mdomo, ili wenzangu wasijue kwamba ninasaidiwa.

Watoto wa mtaa hatukuwa na cha kulipa, tukalipa kwa maji. Kila aliyepanda kutoka ziwani na bidoni, dumu la maji, na kuimimina kwenye pipa la mke wa Papa Kizito alipata zamu moja ya kucheza. Zamu yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba mkono wako ulikuwa bado una alama ya mpini wa bidoni wakati maneti inapokwenda kwa mwingine. Na mchezo tuliougombania ulikuwa mmoja tu, wa shujaa mwenye nguvu za radi mikononi. Jina lake halisi lilikuwa la kigeni na gumu, tukamwita Ngurumo. Aliruka juu ya majumba marefu, aliokoa watu, alipiga maadui wa chuma mpaka wakatoa cheche, na kila alipokwenda mdogo wake wa kike alikuwa nyuma yake na begi la shule. Mwishoni kabisa mji uliwaka moto. Ngurumo alibeba majeruhi mikononi, na mdogo wake akabaki juu ya paa la hospitali, ukuta wa moto ukimzunguka. Ngurumo alimgeukia, akamwambia kwa Kifaransa kwamba anarudi. Kisha kioo kikawa cheusi.

Mara ya kwanza tulipofika hapo, chumba kizima kilisogea mbele kwenye mabenchi, hata wale wakubwa waliokuja kwa pesa zao. Halafu yakatokea maandishi, na Yaya akatutafsiria: kisa kinaendelea katika sehemu fupi ya nyongeza, nayo inauzwa peke yake na kushushwa kwa mtandao. Sikulala vizuri siku ile. Mimi nilikuwa mdogo wa mtu, na Yaya alikuwa na mikono mirefu kama ya Ngurumo, na sikuhitaji mwalimu wa kunionyesha nani alikuwa nani. Nilitaka kujua jambo moja tu duniani: je, alirudi? Yaya hakusita hata kidogo. “Anarudi,” aliniambia tukiosha vyombo. “Iko mu ile sehemu ya kuongeza. Utaona na macho yako.”

Nilipomweleza mama habari hizi, aliacha kuchambua samaki wake.

“Banauzisha matabishi?” aliuliza.

Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, na matabishi kwa wauzaji wa kwetu ni ile konzi ya mwisho inayotupwa juu ya kipimo bila malipo, ili mteja aende na moyo mweupe. Mnunuzi anayejiheshimu haondoki mezani kabla hajaipata, na muuzaji anayeinyima husemwa soko zima. Mama hakuelewa, na mimi sikuweza kumwelewesha, kwamba huko mchezo ulikotoka mtu anaweza kukuuzia kipimo pungufu makusudi, kisha akaja kukuuzia ile konzi. Alitikisa kichwa, akasema watu wa namna hiyo wasingemaliza wiki moja sokoni kwetu. Nilimwona mshamba. Leo naona kwamba katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyeuelewa ule mchezo.

Papa Kizito alikubali kuileta nyongeza, ila alisema haitakuja upesi, kwa sababu mtandao wa Goma wakati ule ungeishusha mpaka tuote ndevu. Ingebidi mashine ivushwe mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa shemeji yake. Wakati tukingoja, Yaya alitupatia wazo la kucheza likelemba. Mama zetu walicheza likelemba sokoni: kila mmoja anatoa sehemu yake, fungu lote anapewa mmoja, wiki nyingine mwingine, hadi wote wapate. Sisi tungeichezea zamu. Kila Jumamosi wote tungeleta maji, na zamu zote za siku hiyo zingekwenda kwa mtoto mmoja, ambaye angeketi na maneti mchana mzima kama tajiri, wengine tukimtazama. Watoto waligombania namba za mwanzo mpaka wakavutana nguo. Mimi Yaya alinivuta pembeni, akaninong'oneza niombe namba ya mwisho, kwa sababu nyongeza ingekuwa imefika, na Jumamosi ya kwanza ya nyongeza ingekuwa yangu. Hakumwambia mtoto mwingine yeyote. Nilirudi nyumbani nimejaa siri ile mpaka kooni.

“Walikupa namba gani?” mama aliuliza, maana likelemba ni lugha yake.

“Ya mwisho. Niliomba mwenyewe.”

Mama alinitazama kwa huruma ambayo iliniudhi. “Solange, mu Goma hii mutu hashikake namba ya mwisho. Mimi nilishikaka.” Nilikijua kisa hicho vipande vipande, lakini siku hiyo alinipa chote. Mwaka wa volkano alikuwa na mimba yangu, na alikuwa ameomba namba ya mwisho ili fungu limkute karibu na kujifungua. Wenzake wote walikwisha kupata. Kisha moto ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya mji, ukafunika meza zao, na kila mwanamke akakimbilia upande wake. Waliporudi, wengine walikuwa hawana kitu, wengine hawakurudi kabisa, na hapakuwa na wa kumdai. Tangu hapo mama aliomba namba ya kwanza kila mahali, hata kanisani kwenye kugawana usafi. Nilimsikiliza, nikamwambia kwamba ya kwetu ni tofauti, kwa kuwa aliyeshika likelemba yetu ni Yaya. Mama akarudi kwenye samaki wake.

Nikabeba maji Jumamosi baada ya Jumamosi kwa ajili ya starehe za wengine. Kiangazi cha mwaka ule tulisikia kwamba waasi wameshika Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda, na muda si mrefu ndugu zetu wa Kalengera walianza kufika na magodoro vichwani, wakalala sebuleni, wakatueleza nani amekimbilia wapi. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kinyarwanda, redio ikiwa katikati yao. Mimi nilihesabu watoto waliobaki mbele yangu kwenye likelemba. Ndivyo watoto walivyo, au ndivyo nilivyokuwa mimi: mji ulikuwa unazingirwa, na hofu yangu kubwa ilikuwa mvua isije ikaloanisha jenereta.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, zamu yangu ikakaribia, na Papa Kizito hakuvunja ahadi yake. Waliifunga mashine kwa kitenge cha mke wake, wakaipakia kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao, wakaivusha mpaka. Alhamisi ilirudi na nyongeza ndani yake. Watoto tuliipokea kwa nyimbo, utadhani ni bibi harusi. Papa Kizito aliamuru kwamba hakuna atakayeigusa kabla ya Jumamosi, kwa kuwa likelemba ni likelemba, na mwenye zamu alikuwa mimi. Watoto ambao hawakuwahi kunisalimia walinibebea bidoni.

Jumamosi ikafika, na petroli hakuna. Maduka yalikuwa yamefungwa, mizinga ilisikika upande wa Kibumba, na barabara ya kaskazini ilijaa watu, mbuzi na magodoro. Nililia, na mama akanikemea kwamba watu wanakufa mimi nalilia sinema. Siku chache baadaye vita viliingia mjini kwenyewe. Asubuhi ile mama alikuwa amekimbilia sokoni kuokoa samaki wake, akatuacha mimi na Yaya tukitunza sufuria ya maharage. Wageni wa Kalengera walikuwa wameshaondoka kuelekea Sake. Risasi zikaanza kulia karibu, tena karibu zaidi, na mabati yakatetemeka. Yaya alinisukuma chini ya meza. Alichuchumaa, akanishika bega, la kulia, nakumbuka, kama alivyozoea.

“Bakia hapa, mudogo yangu. Usitoke. Naenda kufunga sale ya Papa Kizito, narudi sasa hivi.”

Nilibaki. Maharage yalianza kuungua, nikasikia harufu yake, na jiko lilikuwa hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa, lakini Yaya alikuwa amesema nisitoke. Moshi ukajaa chumbani. Nilikohoa ndani ya gauni langu ili sauti isisikike nje. Nilimpa sababu zote ambazo mtoto anaweza kuzipata: kufuli limekwama, Papa Kizito amemkalisha, amejificha nyuma ya ukuta akingoja risasi zitulie. Kila viatu vilipopita nje juu ya mawe, nilisema moyoni ni yeye. Mlango ulipofunguliwa hatimaye alikuwa mama, miguu mitupu, bila samaki hata mmoja.

“Yaya yako iko wapi?”

“Anarudi,” nilisema.

Hakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Waasi walikuwa wameushika mji, sisi tumejifungia ndani, na mama alikwisha kuanza kumwombea kwa jina, kama wanavyoombewa marehemu, mke wa jirani mwingine alipotuletea habari kwa furaha ya kutupoza mioyo. Kijana wetu yu mzima. Alionekana kwa macho akivuka bariera ndogo, kile kizuizi cha mpakani, kwenda Gisenyi pamoja na Papa Kizito na familia yake, amebeba ile mashine kichwani, imefungwa vizuri kwa kitenge. Mama alikuwa anakwangua sufuria iliyoungua. “Mashine?” aliuliza, mara moja tu. Kisha akaendelea kukwangua, kwa nguvu mpaka nikaziba masikio.

Waasi walipotoka mjini, Papa Kizito akarudi na mashine yake, na Yaya naye akaja. Alikuwa amenenepa kidogo, na aliniletea mkate wa Gisenyi, ule mlaini wenye maziwa. Alisema Papa Kizito alimsihi asaidie kubeba, na walipofika ng'ambo aliogopa kurudi. Mama alimpa chakula bila kumwongezea. Mimi, haya ndiyo yanayoniuma hadi leo, nilimsamehe palepale, kabla hata ya kumaliza mkate. Mtoto husamehe haraka anapokuwa na kitu anachokingoja, na mimi nilikuwa bado na Jumamosi yangu.

Basi nikaketi kwenye benchi, maneti mkononi, watoto wote nyuma yangu. Nyongeza ilifunguka kwa asubuhi njema, mji mzima ukiwa haujaguswa na moto, na Ngurumo akiwa kijana mdogo asiyejua bado kuruka. Alimsindikiza mdogo wake shuleni. Aliwapiga wezi wawili watatu sokoni. Alijifunza kutoa cheche kwa kidole, mdogo wake akicheka. Nilicheza haraka, nikisubiri lile paa la hospitali. Halikuja. Kilichokuja ni mlango wa nyumba yao, mdogo mtu akipunga mkono, na tarehe ya siku ile ile ambayo mchezo wa kwanza unaanza. Kisha shukrani kwa kununua. Jenereta ilikuwa haijamaliza hata ile chupa ndogo ya petroli tuliyoipata kwa shida. Tulibeba maji msimu mzima ili tuone yatakayofuata, wao wakatuuzia yaliyotangulia.

Watoto walipiga kelele kwamba tumeibiwa. Mimi niligeuka kumtazama Yaya, na nikaona kwamba yeye hakuwa anatazama kioo. Alikuwa ananitazama mimi, kicheko kikiwa tayari mdomoni.

“Ni fupi, eh?” alisema.

“Ulikuwa ulisha icheza?”

“Kule Gisenyi. Siku ya kwanza, na batoto ba shemeji.”

Siku ya kwanza. Yaani siku ile ile, labda saa ile ile ambayo mimi nilikuwa chini ya meza nakohoa ndani ya gauni. “Ulisema anarudi,” nilimwambia mbele ya watoto wote.

“Nilifikiri anarudi,” alijibu, akainua mabega. Mabega tu. Sikumwita Yaya tena. Watu wa nyumbani walidhani nimekuwa mkubwa.

Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu, na bado nacheza michezo ya mashujaa, watu wacheke wakitaka. Wanafunzi wangu huniuliza kama nyongeza hizi fupi zinafaa kununuliwa, na huwajibu kama mtoto wa muuza sambaza. Ufupi si kosa. Nimecheza nyongeza zilizokwisha kabla chai haijapoa na nikaona zimenitosha, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umekamilika na ile ilikuwa konzi juu ya kipimo kilichojaa. Kosa ni kukata mkia wa samaki na kumuuza mbali. Ukiona kisa kimekuacha juu ya paa, na muuzaji amesimama pembeni akinyoosha mkono, weka pesa yako mfukoni. Nimesema hivi mara nyingi kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayezungumzia michezo.

Volkano ililipuka tena nikiwa msichana mkubwa, tukakimbia kwa miguu hadi Sake, mama akinishika mkono kama mtoto. Waasi nao walirudi, na wameushika mji wakati ninaandika haya. Benki zimefungwa, watu wanavuka kwenda Gisenyi kutafuta hata chenji. Katika hali hii Trésor alikuja kumsalimia mama. Anaishi Uganda, anafanya biashara, alipita Bunagana na bintiye Gloria, mtoto wa umri ule niliokuwa nao. Gloria alikuwa na mchezo wa shujaa kwenye simu ya baba yake, na chini ya kioo nyongeza ilikuwa inauzwa. Aliniuliza mimi, kwa kuwa aliambiwa shangazi anajua michezo, kama inafaa.

“Muulize baba yako,” nilisema. “Yeye alikuwaka na sale.”

Trésor alicheka kwa moyo wote. “Solange! Unakumbuka ile ya Ngurumo? Tulibeba maji mwaka muzima. Bale batu walituibia!” Alimweleza binti yake kila kitu, likelemba, chukudu, kitenge, watoto walivyopiga kelele. Alikumbuka hata chupa ya petroli. Nilingoja afike kwenye meza na maharage. Alipita hapo bila kusimama, na nilipomchungulia machoni sikuona mtu anayeficha kitu. Hakukumbuka. Yeye na mimi, kwa hesabu yake, tuliibiwa pamoja.

Gloria aliendelea kuomba, na mega za mtandao kwenye simu zilikuwa zimekwisha. Trésor akasimama kwenda kuzinunua. Nje, kwenye barabara kuu, kulikuwa na sauti za magari ya wanajeshi, na mtoto akamshika shati.

“Bakia hapa na shangazi,” alimwambia, akimgusa bega. “Narudi sasa hivi.”

Mama aliacha kuchambua samaki. Gloria aliketi mlangoni, juu ya jiwe, akitazama njia, nami nikasimama nyuma yake. Magari yalipita, vumbi likatulia. Kisha nikamwona akitokea kwenye kona, anatembea haraka kuliko alivyokwenda, karibu kukimbia, simu mkononi, macho yake kwa mtoto.

Kumbe kurudi anajua. Gloria aliruka na kumkimbilia, nami nikaingia ndani kutazama jiko.